Bakuli Lililorudi Tupu

Nilirudi Malindi kwa ajili ya mlango. Usinicheke. Mimi huchora katuni zinazotembea, nazichorea kwenye simu jioni nikitoka kazini, pale Kilifi kwenye duka la fotokopi, na katika hadithi yangu moja mna mlango wa uani ambao nilikuwa nimeuchora mara nne na kila mara unanikataa. Sikukumbuka ulifungukia upande gani. Basi Jumamosi moja nikaenda kuuangalia mwenyewe.

Mlango haupo. Pale palipokuwa na ua wa makuti kati ya nyumba yetu na ya jirani pamesimama ukuta wa mawe, na juu yake vimepandwa vipande vya chupa. Nyumba yetu ina wenyewe wengine sasa. Nilisimama nikautazama ukuta ule kama mtu aliyeamkiwa kwa matusi. Nikauambia, "Haya, hata wewe nitakuchora." Mpita njia akadhani nazungumza na simu.

Filamu yangu ni hadithi tatu fupi zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza ni ya mwalimu wetu wa darasa la tatu, aliyekuwa akituchongea penseli kwa wembe, mmoja mmoja, huku akituuliza tumekula nini. Ya pili ni ya kinyozi wa mtaa wetu na nduguye waliogombania redio. Ya tatu ni ya nyanya yangu, jirani, na bakuli. Hakuna jini, hakuna bunduki, hakuna anayeolewa.

Ndiyo maana bwana mmoja wa filamu, aliyekuja Kilifi kutufunza siku mbili, alinionea huruma. Zile mbili alizipenda. Ya tatu akaitazama huku akijikuna shingo.

"Dada, mkono wako mzuri," akaniambia. "Lakini nani atakaa atazame bakuli? Na mwisho wake unaudhi. Wafanye hao kina mama wakumbatiane, nami naiingiza kwenye onyesho la ukumbi mkubwa Mombasa. Nijibu kabla ya Jumatatu."

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Ukumbi mkubwa haujawahi kuniita kwa jina. Usiku huo nilijaribu kweli kuwakumbatisha. Nikachora mikono, nikafuta, nikachora tena. Nyanya alikuwa akitoka kama mtu anayepimwa nguo na fundi.

Basi ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Jirani yetu alikuwa Mgiriama, mtu wa kanisani, na mimi nilimwita Hawe kama walivyomwita wajukuu zake, maana yake nyanya. Kati yake na nyanya yangu kulikuwa na bakuli moja la bati lenye maua mekundu, limebanduka rangi ukingoni. Lilikuwa la nani? Hakuna aliyejua. Lilikuja kwetu na mboga za mchunga zilizoungwa kwa nazi, likarudi na mbaazi. Likaja na embe mbichi, likarudi na mahamri ya moto yaliyofunikwa kitambaa. Ramadhani Hawe alituletea muhogo wa kufuturia, na Krismasi nyanya alimpelekea pilau, na siku ambayo jikoni hakukuwa na kitu nyanya aliweka ndimu tatu na chumvi kidogo kwenye karatasi. Lisirudi tupu, hilo tu. "Chombo kitupu kina mdomo," alikuwa akisema. "Ukikirudisha hivyo kitakwenda kukusema."

Harufu ya uani ule bado iko puani mwangu: moshi wa vifuu, nazi inayochemka, sabuni ya kipande. Na mlango wa mabati ulikuwa ukilia kii, halafu sauti ya nyanya, "Hodi, wa kwangu! Umekufa huko?" na ya Hawe ikijibu, "Nimekufa, njoo unizike!" Wakacheka wenyewe, kila siku mzaha uleule.

Ramadhani ya mwaka niliotimiza miaka minane nilikuwa nafunga. Tuseme nilikuwa nimetangazia mtaa mzima kwamba nafunga. Alasiri moja nyanya akakaanga kaimati, akazivisha shira mpaka zikang'aa, akajaza lile bakuli na kunipa. "Mpelekee Hawe. Na usikimbie."

Nilipofika nyuma ya tangi la maji nilikula moja. Moja tu, nikasema, haitaonekana. Lakini kilele kilikuwa kimebomoka, kinaonekana, basi nikala mbili zaidi nisawazishe. Hapo bakuli likawa limepungua, linaaibisha nyumba. Nikala tena. Zilipobaki tatu nilijiuliza: mtu mzima anapelekewaje kaimati tatu kama mtoto wa chuo cha Kurani? Nikazimaliza. Kisha nikafanya lile ambalo mpaka leo likinijia usiku huwa najifunika shuka usoni: nikabisha hodi, nikampa Hawe bakuli tupu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Akaliangalia ndani. Akaniangalia mimi. "Kumbe," akasema. Basi.

Bakuli halikuja tena. Nyanya alingoja. Siku ya tatu alisema, "Huyu wa kwangu leo kimya." Siku ya kumi aliacha kuutazama mlango. Idi ikafika bila muhogo. Hawakugombana; wangegombana ingekuwa afadhali. Salamu zilikatwa tu: "Hujambo?" "Sijambo," wala hakuna aliyeuliza za watoto wala za mguu unaouma. Mlango ukanyamaza, ukashika kutu. Na mimi sikuweza kusema, kwa sababu ningesema ningekuwa nimekiri mawili, kwamba nilikula cha watu na kwamba sikufunga. Nikangoja wapatane wenyewe. Nilipokuwa darasa la nane nyanya akafariki. Hawe alikuja, akaosha sufuria za matanga siku tatu, hakuinua uso.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye simu yangu siku nilipouzunguka ukuta na kubisha kwa Hawe kwa mlango wa barabarani.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Ni nani? Aa, ni wewe! Mbona umekonda, huko Kilifi hakuna chakula?"

Nikamwonyesha. Aliishika simu karibu na pua, mdomo wazi. "Huyu ni mimi? Mbona umeninenepesha hivi?" Halafu kwenye picha mtoto akapita nyuma ya tangi la maji, na Hawe akaikamata simu kwa mikono miwili. Ikaisha. Bakuli tupu, mikono yake, basi.

"Nilikuwa mimi, Hawe," nikasema. "Nyanya alilijaza."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Shira ilikuwa inakutiririka kidevuni mpaka kifuani, mwanangu, ningekosaje kujua?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Nilimngoja nyanyako aje tukucheke wote. Siku moja, mbili. Hakuja. Nikaona, ala, hata kuulizia bakuli haulizii? Nami nikakaza shingo. Kumbe naye alikuwa akilingoja."

Nikalia, sikuona haya. Yeye alinipa kanga nijifute. Nilipotulia nikamweleza habari za yule bwana na ukumbi wake.

"Tukumbatiane?" Hawe akashtuka. "Mimi na nyanyako? Ana akili timamu huyo? Hatukukumbatiana hata siku tulizopendana!"

"Basi nimwambie nini?"

"Mwambie wenyewe hatukuwa hivyo. Na mlango umeuchora vibaya. Ulikuwa ukifungukia kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiusukuma."

Nilimwandikia bwana yule palepale, nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi ya Hawe: bakuli linabaki tupu. Akajibu kwa neno moja, "Haya," na ukumbi ukaenda zake. Uniambie nimepoteza, nitakusikiliza, lakini sibadilishi. Jumamosi iliyofuata, usiku, filamu niliionyesha kwa Hawe, uani, kwa projekta ya kuazima, kwenye shuka jeupe lililofungwa kwenye ukuta uleule wa chupa, na watu wa mtaa walikaa wakatazama bakuli. Walilitazama mpaka mwisho. Kinyozi alipiga kelele, "Mla kaimati huyo, mshike!" na kina mama wawili walioketi mbalimbali wakaangaliana, nikaona kuna jambo kati yao nisilolijua.

Najua mlango hautarudi. Siku hizi chakula kikipita nyumba hadi nyumba kinapita ndani ya plastiki ambayo hakuna anayengoja irudi, na watoto wa mtaa hawajui mzaha wa kufa na kuzikana. Sawa. Wajenge, wapande chupa mpaka mbinguni. Mimi nina penseli.

Usiku ule nilipoaga, Hawe aliingia ndani, akatoka na muhogo wa nazi, umejaa hadi ukingoni mwa bakuli la maua mekundu. "Miaka yote hii limekaa tu," akasema. "Sasa ni zamu yako."

Liko hapa mezani ninapoandika. Nimelisafisha, nimekoroga unga wa kaimati, unaumuka chini ya kitambaa. Kesho asubuhi nalipeleka Malindi, limejaa, wala sitaonja hata moja njiani.

Haya, moja.