Mkwe Amekataa Uji

Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimefanya kazi moja ambayo hakuna aliyewahi kunishukuru kwayo: kubeba maneno kutoka jikoni hadi sebuleni, na kuyarudisha. Kwetu Bungoma mama hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni, na akimwona anakuja njiani ataingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na mama yangu, mtu wa Myanga, hana mzaha nayo.

Basi tulipokwenda kumsalimia, mume wangu aliketi sebuleni, mama akabaki jikoni, nami nikasimama mlangoni. "Muulize kama chai imetosha," mama angesema. Ukuta wenyewe haufiki darini. Mume wangu alikuwa ameshasikia, na ameshaguna kukubali, kabla sijageuza shingo. Hata hivyo ilinibidi nimuulize, kisha nimpelekee mama jibu alilolisikia kwa masikio yake. Niliona ni upuuzi mtupu. Nilikuwa nikiwachekesha dada zangu kwamba mimi niliolewa niwe simu ya mezani.

Mume wangu alikuwa dalali wa ng'ombe. Siku ya mnada ungemsikia yeye kabla ya kuwasikia ng'ombe wenyewe. Angeweza kumsifia fahali aliyekonda mpaka mwenye fahali akaanza kujuta kumleta sokoni. Tulihamia Kitale, mimi nikawa nashona sare za shule kwenye veranda ya duka la vitambaa la Muhindi mmoja, yeye akawa anazunguka masokoni. Halafu asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, na hakuinuka. Ilikuwa kiharusi. Kilichukua upande wake wa kulia, kikachukua na maneno yote.

Hospitalini walituambia tuendelee kumwongelesha, maana haijulikani mtu wa namna hiyo anaelewa kiasi gani. Tulimwongelesha mpaka tukachoka. Kuongea na mtu anayekukodolea macho na kukoroma huku mate yanamtoka ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Pole pole watu wakaacha kuongea naye, wakawa wanaongea juu yake, yeye yupo hapo hapo katikati yao.

Mama alikuja kunisaidia nisipoteze kazi yangu, na alikuja kwa masharti yake. Kulala kwa mkwe haiwezekani, kwa hiyo alilala kwa jirani yangu mjane. Asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma, akateremsha pazia la jikoni na kuketi akiipa sebule mgongo. Alipika, aliosha vyombo, alichambua mboga. Shuka za mkwe hakuzigusa na uso wake hakuuona. Siku moja nilimwambia, kwa uchovu tu, "Mama, huyu mtu hata hajui kama uko hapa." Akaendelea kuchambua mboga zake, nami sikulifikiria tena.

Ndugu za mume wangu wakaja kutoka Malakisi, wakafanya kikao. Waliketi wakakizunguka kitanda, ambacho tulikuwa tumekileta sebuleni ili apate jua la dirishani. Shemeji mkubwa, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alisema yale mazoezi ya viungo ni kumtesa bure, arudishwe nyumbani akapumzike. Hilo neno kupumzika kila mtu alilielewa. Hawakuishia hapo. Walifika mpaka kwenye kaburi: liwe karibu na la baba yao, pale lilipokuwa banda la kukaushia tumbaku. Mume wangu akaanza kukoroma kwa nguvu, mdomo umeenda upande. "Anaumia," shemeji mdogo akasema kwa huruma, akamvutia blanketi mpaka kidevuni. Wakakubaliana kuja na gari Jumamosi.

Alhamisi mchana nilikuwa nikimlisha uji. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili kikarudi, nikampangusa, nikachota kingine. Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, bila hata kupandisha sauti:

"Si amekwambia hataki?"

"Nani?"

"Mkwe. Amekataa uji na wewe unamsukumia tu. Onja kwanza."

Nilionja. Nilikuwa nimesahau sukari.

Nikatia sukari. Kisha nikamuuliza mume wangu, nikiona haya utadhani naongea na kabati, "Sasa utakunywa?" Akatoa mguno mfupi, uliokatika ghafla.

"Hapo amekubali," mama akasema. Nilisikia akiendelea kuvunja vijiti vya kunde.

Alikunywa kikombe kizima. Mimi nilikuwa nimeduwaa, kijiko kinakwenda chenyewe.

"Mama, umeanza kumsikia lini?"

"Kumsikia aje? Tangu mtoke na yeye hospitali. Akikubali anakata, akikataa anavuta. Si ni vile alikuwa anaguna huko kwangu, ni vile tu siku hizi ni nzito. Kwani nyinyi hamsikii? Nilidhani mnasikia na mmeamua tu kunyamaza. Nikasema, haya, ni bwana yake, ni ndugu zake."

Niliketi sakafuni. Sisi wote tulikuwa tukimtazama, na ule uso uliopinda ulitutisha hata tukaona maumivu tu, tukakimbilia kitambaa na blanketi. Mama hakuwa na uso wa kuutazama. Hajawahi kuwa nao. Alichopewa tangu siku ya posa ni sauti ya mtu upande wa pili wa ukuta, na alikuwa anaijua kama anavyojua mlio wa lango lake.

"Siku ya kikao," nikaanza.

"Alikataa," mama akasema. "Alikataa Malakisi, akakataa kaburi. Alikataa mpaka mimi nikatoka nje nikakae kwa kuni."

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Sikuwa nimewahi, na sitaki kurudia yale niliyosema. Nilitaka kujua kwa nini alinyamaza wakati mtu mzima, mwenye akili zake, anachaguliwa kaburi akiwa macho.

"Niambie nani, mayi?" Ananiita hivyo, yaani "mama", akinihurumia. "Mama mkwe aingie kwa kikao ya ndugu za mkwe? Aseme ati mimi nasikia bwana ya mtoto wangu kuliko nyinyi? Wewe mwenyewe uliniambia hajui kama niko."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu augue niliogopa kumtazama machoni.

Jumamosi wakaja na pikapu, nyuma wametandika godoro na mto. Niliwaeleza mlangoni, maneno yakinipanda na kushuka. Shemeji mkubwa alinishika bega. "Shemeji, hiyo ni pumzi tu, bana. Mtu akikosa usingizi anasikia mambo." Nikawaambia wangoje waone. Nikainama nikamuuliza mume wangu kama anataka kwenda. Hakutoa sauti. Nikauliza tena. Alikuwa anawaangalia wale ndugu zake wamesimama juu yake, kifua kinapanda na kushuka, na koo halikutoa kitu. "Unaona?" shemeji akasema kwa upole. Wakaanza kukunja shuka ili wambebe nazo.

"Mkwe."

Ilikuwa sauti ya mama. Hakusema mwambieni mkwe, hakusema muulizeni. Alimwita mwenyewe, kwa sauti iliyovuka pazia. Shemeji mdogo aliachia shuka akaangalia chini kama aliyekuta mtu anaoga.

"Mkwe, ni mimi mama ya bibi yako. Wamekuja kukupeleka Malakisi. Unataka kwenda?"

Mguno ulitoka kifuani kwake, mrefu, ukavutwa mpaka pumzi ikamwishia. Hapakuwa na haja ya mimi kubeba neno.

"Na ile siku waliongea mambo ya kaburi, ulisikia?"

Mguno ukatoka mfupi, ukakatika.

Shemeji mkubwa alishika ukingo wa kitanda. Kisha akapiga magoti, mtu mkubwa vile, akaweka mdomo karibu na sikio la mdogo wake. "Ndugu yangu," akasema, "tukufanyie nini?"

Ikaanza sauti ambayo sikuwa nimeisikia. Haikukatika na haikuvutwa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Sote, hata shemeji akiwa bado magotini, tuligeuka tukatazama pazia, tukingoja tuambiwe amesema nini.

Mama aliisikiliza kwanza.

"Hapo hajasema kitu," akasema. "Hapo analia."