Msiba wa Vijidudu vya Kidonda Changu

Mpimaji wa zahanati ya Kanyangi hubisha hodi kwenye vichupa kabla ya kuvifungua. Vijidudu vya kidonda changu alivifuga kwenye kisahani, akavimwagia virusi vinavyoua vijidudu, kujaribu tiba. Vingekataa kufa, mguu wangu ungekatwa.

"Susu, kila kijidudu kina sumu na dawa ya kuizuia. Kikivamiwa na virusi, dawa inaisha, sumu inakiua kabla virusi havijazaana, wenzake wanapona," aliniambia siku hiyo.

Leo nimemkuta amevua kofia.

"Kila mmoja amejiua ili wenzake wapone. Hakuna aliyebaki wa kupona."

"Na mguu?"

"Haukatwi. Lakini punguza sauti, Susu, tuko matangani."

Akaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti yake nyembamba, macho kayafumba. Nami nikaitikia nikicheza, kwa miguu yote miwili.