Kreni, Upepo na Sauti ya Thanasi

Mwaka 2014 Onesmo Mhina, mtu wa Korogwe, alikuwa akiendesha kreni kwenye jengo la ghorofa kusini mwa Balad, Jidda. Kule juu alikaa peke yake, na kutwa nzima alichosikia ni redio ya Thanasi, fomani Mgiriki. "Ela!" maana yake njoo, mwanzoni Onesmo alidhani anadaiwa hela. "Siga, siga" ni polepole. Hayo aliyazoea. Lililomkera ni neno lililofunga kila sentensi: "re malaka."

Wesley, Mkenya aliyefunga mizigo chini, alimuuliza fundi mmoja Mlebanoni aliyejua Kigiriki, akamletea Onesmo jibu.

"Re ni 'we' tu, malaka ndiyo tusi, bro. Tena la aibu."

Onesmo alikuwa na miaka arobaini na mbili, baba wa watoto wanne. Asubuhi alimkabili Thanasi mbele ya wote.

"Bosi, mimi nina jina. Usinitukane."

Thanasi alishtuka kama aliyezabwa kofi. "Sawa, kirie Onesmo." Yaani Bwana Onesmo. Tangu hapo ikawa kirie asubuhi, kirie jioni, bila mzaha wala chai. Wesley akaja na habari nyingine: Wagiriki marafiki huitana malaka, na kirie ni ya mtu wasiyemtaka karibu. Onesmo aliumia, ila hakurudi nyuma.

Wiki ya tatu upepo wa vumbi ulizuka ghafla, bamba la zege la tani tatu likiwa hewani. Likaanza kuzunguka. Wesley alikuwa chini yake, amebanwa kati ya ukuta na nguzo. Kutoka juu Onesmo hakuona ila vumbi. Akasimamisha kreni.

"Kirie..." Redio ikakwama, kisha sauti ikapasuka. "Re Onesmo! Siga, mwanangu! Macho yako ni mimi!"

Kushoto. Subiri. Opa, simama! Shusha kidogo. Dakika kumi na moja alifuata sauti ile tu, jasho likimchoma macho, akiogopa kusikia yowe.

"Halas, imekwisha," Thanasi alisema hatimaye. "Wesley mzima."

Onesmo alishuka, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Thanasi akaja na chupa ya maji.

"Kwenu watu wanaopendana hawatukanani?"

"Wanatukanana, hata msibani. Tunaita utani. Lakini utani una wenyewe, na wewe hukubisha hodi."

"Basi nabisha sasa."

"Bado. Kwanza jina tu, bila kirie," Onesmo akasema, akapokea chupa aliyonyooshewa.