Niliosha Baraka za Susu

Admin, weka jina langu kando. Ndugu zangu wengine wako humu.

Nina miaka 29, naishi Machakos mjini. Nilikuwa nauza mitumba hadi nikashindwa kushika nguo zilizovaliwa na watu. Naosha mikono mpaka ngozi inapasuka, kisha naona bado ni michafu, naanza upya. Kazi ikaenda, mchumba naye akaenda. Daktari aliniambia huu ni ugonjwa wa akili na una matibabu: vidonge, pamoja na mazoezi ya mshauri, ambapo nashika kitu ninachokiogopa na kukaa bila kuosha mpaka hofu ishuke yenyewe. Nafanya vyote. Hofu imepungua kidogo, lakini nimekuwa kama gogo. Hata haya nayaandika bila chozi.

Mwezi wa nne, susu, yaani nyanya yangu wa Kithimani ambaye nimeitwa jina lake, aliwaita wajukuu awabariki kwa kuwa anaona siku zake zimekaribia. Kwetu Ukambani mzee hukutemea mate kidogo kwenye viganja. Zamu yangu ilipofika nilikinga mikono. Alipomaliza tu, nilikimbia kwenye tangi la maji nikajisugua kwa sabuni ya kufulia. Nilipoinua macho, susu alikuwa mlangoni na mkongojo wake, ananitazama. Shangazi akapiga kelele, "Ati anaosha baraka! Huyu ako na nini?"

Nilirudi nyumbani nikalala.

Mshauri anasema nirudi, nimwombe susu anibariki tena, nikae naye saa nzima bila kuosha. Mazoezini nimefikisha dakika arobaini, na hapo nilishika kitasa cha mlango tu. Daktari anasema tunaweza kuongeza vidonge kwanza, tungoje wiki kadhaa. Lakini susu sasa haamki kitandani. Mama naye ananikataza. "Ukikimbia tena utammaliza," anasema.

Jana susu alinipigia kwa simu ya shangazi, sauti iko chini sana. "Kuja tu, mwanangu. Sitatema mate. Nitakuangalia tu, hata usinishike."

Hapo nilihisi uchungu, mara ya kwanza tangu nianze vidonge.

Jumamosi naenda, hilo nimeamua. Msiniambie niombe tu, naomba kila siku, nikishaosha mikono. Nipeni mawazo yenu: nikae mbali naye kama alivyosema, au nimkingie mikono tena, na mimi najua naweza kukimbia?