Wachina wa Mkata Tiketi

Kasiani, balozi wa nyumba kumi pale Mwananyamala, hakumwamini mkata tiketi wa sinema. Mtu anayetazama Wachina wakipigana wiki nzima, halafu Jumapili akawasimulia majirani uani bure, anatafuta nini? Vidole vyake havikutulia. Alisimulia huku akichana gazeti vipande vipande, kama vile bado yuko mlangoni. Teke alilipiga kwa mdomo, "pwaa!", bila kuinuka kwenye kibao cha mbuzi. Sauti aliishusha mpaka watu wakasogeleana, na balozi hakupenda watu wanaosogeleana. Kichina hakijui, lakini kila neno la Wachina analo yeye.

"Wachina gani hao, eti nao wanapanga foleni ya unga wa yanga, huu wetu wa njano?" balozi alimuuliza mkewe.

"Si uende ukasikilize mwenyewe."

Jumapili iliyofuata akaenda, akajibanza nyuma ya ua wa makuti, masikio kayatega. Katika simulizi, shujaa alikuwa amejificha kwa shangazi yake, adui akafika. Mkata tiketi akaacha kuchana gazeti. Akakohoa kikohozi kirefu cha kujitangaza, kisha akanguruma: "Hodi humu! Mgeni mmemlaza tangu lini, mbona mie sijaarifiwa?"

Ua mzima ukaangua kicheko. "Huyo huyo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mpaka kikohozi chake!"

Nyuma ya makuti, koo likaanza kumwasha balozi. Akajiziba mdomo kwa kofia, machozi yakimlengalenga, akasubiri kusikia atapigwa teke la wapi.