Boga la Karani

Kwenye kampuni yetu ya ulinzi, walinzi wa miguu miwili walijipikia wenyewe, na wa miguu minne walikuwa na mpishi. Msicheke, ndivyo mambo yalivyokuwa. Mpishi huyo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono imebabuka kwa mvuke, na jina lake la nyumbani hakuna aliyelitumia tena. Tulimwita Mama Boga. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha mabanda. Alichokitia yeye kwa mbele, mimi ndiye niliyekipokea kwa nyuma, kwa hiyo nadhani nina haki ya kumsimulia kuliko meneja.

Mbwa wetu walilishwa mapafu na matumbo ya machinjioni yaliyochemshwa na chenga za mchele. Siku nyingine nyama ilikuja imeshaanza kunuka, na asubuhi yake nilisukuma maji mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Mama Boga hakulalamika kwa mtu. Alifukia mbegu nyuma ya jiko, pale maji ya vyombo yalipomwagwa, na mashina yakatambaa yakapanda hadi kwenye paa la choo cha walinzi. Maboga yalipokomaa akawa anayamenya, anatoa mbegu, anayachemsha matupu, bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta, kisha anayaponda na kuweka kijiko au viwili katika kila bakuli.

"Mbona unawapimia kama dawa?" nilimuuliza. "Boga lenyewe si limejaa tele?"

"Likizidi nalo linaharisha, mdogo wangu. Tumbo halitaki sifa."

Muda si mrefu matumbo yakatulia, manyoya yakang'aa, na fagio langu likapata likizo. Shukrani aliyoipata ni hilo jina la utani.

Kati ya mbwa wote, mmoja alikuwa wake. Tulimwita Karani kwa sababu alipenda kujilaza mlangoni mwa ofisi huku amekunja uso, kama mtu anayekwambia uje kesho. Alikuwa amekula chumvi nyingi huyo, mdomo wote umeota mvi, na tumbo lake lilikuwa bovu kuliko matumbo ya wenzake. Akikosa boga siku moja tu, banda lake halitazamiki. Akilipata, anatembea kifua mbele.

Mama Boga alikuwa mjane. Binti zake wawili waliolewa mbali, na simu zao zilikuja pale walipokuwa na shida. Chumba chake nakijua, nimekaa humo mara nyingi: kitanda, jiko la mkaa, kiti kimoja. Siku moja nilikuta gunia limekunjwa vizuri kando ya mlango, na juu yake sufuria kuukuu lisilo na mkono.

"Hii nini, dada?"

"Ya Karani," akasema, akaona haya kama msichana aliyeulizwa habari za mchumba.

Hapo lazima nieleze. Kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya mavuno daktari wa mifugo alikuja kukagua mbwa. Aliyeonekana mzima alirudi kazini. Aliyeshindwa, mfanyakazi yeyote aliyewahi kumlisha angeweza kusema "namchukua mimi," akampeleka kwake. Asipotokea mtu, ni sindano. Mama Boga alikuwa amesubiri miaka Karani ashindwe. Hakuwa na ndoto nyingine, na ukiniuliza mimi, ilikuwa ndogo mno kunyimwa.

Ukaguzi ulipokaribia, mwalimu wa mbwa, mtu mwema asiyependa maneno mengi, alikuja jikoni akasimama karibu na moto.

"Mama, unamtaka yule mzee?"

"Namtaka."

"Basi mnyime boga mpaka daktari apite. Aje amkute anaharisha, amelegea. Mimi nitanyamaza."

Nikadakia, mdomo wangu hauna pazia: "Dada, kubali! Siku chache tu za tumbo, halafu ni wako mpaka kufa."

Akakubali. Aliapa kabisa, mkono kifuani.

Siku ya kwanza alimpa Karani mapafu na chenga tupu. Kesho yake nilimaliza ndoo za maji katika banda moja. Karani alijikokota mpaka mlango wa jiko, akakaa. Hakubweka wala hakulia. Alikaa tu, mbavu zikipanda na kushuka, akimtazama yule mwanamke akiponda boga la wenzake. Mama Boga akampa mgongo. Akageuka. Akampa mgongo tena. Kisha akachota vijiko viwili, akainama, akamlisha kwa kiganja chake.

Nilimjia juu. "Na kiapo?"

"Nilimwapia mwalimu," akasema. "Huyu mbwa sikumwapia kitu. Ukaguzi ni wa keshokutwa, mdogo wangu. Tumbo linamuuma leo."

Nilikasirika, nikaenda kupiga fagio mahali palipokuwa safi.

Daktari alipofika, Karani alikuwa amenawiri hata mimi niliona aibu. Hata hivyo tumaini lilikuwa bado lipo, maana mbwa alitakiwa kukimbia uwanja mzima, na miguu ile ilikuwa mizee. Tatizo ni kwamba uwanja wetu unaishia kwenye mlango wa jiko. Mama Boga alikuwa amesimama pale anaposimama kila siku, upawa mkononi. Nilimpungia aingie ndani. Nikamwambia huku nimeuma meno, "Ondoka hapo!" Hakunielewa, alidhani namtia moyo, naye akanipungia.

Mwalimu akafungua mnyororo. Karani akamwona. Sijawahi kuona mbwa mzee akikimbia vile, masikio nyuma, ulimi nje, hadi akamparamia mpishi kifuani na upawa ukaruka.

"Huyu mzima kabisa," daktari akacheka. "Mnamlisha nini?"

Meneja akasema, kwa fahari, kwamba kampuni inajali lishe.

Karani akapangiwa machimbo ya mawe, safari ya siku nzima kwa lori. Mama Boga hakulia mbele yetu. Alichemsha boga, akalijaza kwenye kopo lenye kifuniko, akamkabidhi dereva. "Vijiko viwili jioni, mwanangu, na viwili asubuhi. Na uwaambie wa huko wapande mbegu, nimezifunga kwenye kitambaa."

"Nitawaambia, mama," dereva akasema, huku akitazama kwingine.

Lori lilirudi mvua zilipokuwa zimeanza. Tulikuwa jikoni wawili. Dereva aliingia na lile kopo, limeoshwa vizuri, akalirudisha kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa.

"Asante sana, mama. Samahani kwa kuchelewa kulirudisha."

"Karani hajambo?"

"Yule mzee?" Akajikuna shingo. "Hakukaa sana. Tumbo. Walimzika huko huko, nadhani."

Mama Boga alilishika kopo, akalitazama ndani. "Na boga? Alilila?"

"Ah, lile." Dereva akatabasamu, hana hili wala lile. "Nililila mwenyewe njiani, mama, njaa ilinibana. Lilikuwa tamu kweli, ila ulisahau chumvi."

Mabandani mbwa walikuwa wameanza kubweka, wakati wao wa kula umefika. Mama Boga akaliweka kopo kwenye rafu, akachukua kisu.

"Chumvi haiwafai mbwa," akamwambia, na akaendelea kumenya.