Neno la Siri la Kikombe cha Tatu

Yeshimebet, mjane wa ghorofa ya tatu hapa kwetu Addis Ababa, ndiye wa kwanza kufunga waifai jengoni. Tangu hapo tukajazana ngazini nje ya mlango wake, kila mtu kainamia simu. Akikaanga kahawa na kutuita, hainuki mtu. Siku moja akabadilisha neno la siri.

Gizachew, mwenyekiti wa jengo, akaenda kumkabili.

"Mama, watu wananung'unika. Uchoyo umeanza lini?"

"Mchoyo nani? Mimi ninayewaita, au nyie mnaoikataa kahawa yangu? Neno la siri natoa kwenye kikombe cha tatu, kile cha mwisho, cha baraka."

"Nina haraka, mama. Nipe tu."

"Basi nenda na haraka yako."

Gizachew akaketi, kanuna. Akanywa cha kwanza, cha pili, na cha tatu.

"Haya, andika," Yeshimebet akasema. "Ni jina la marehemu mume wangu."

Gizachew akabaki na kidole hewani. Miaka tisa walisalimiana ngazini na marehemu, na jina hakuwahi kuliuliza.

Yeshimebet akaanza kukusanya vikombe.

"Kesho nakaanga tena," akasema.